Mzio wa chakula kwa watu wazima: Je, mwili unaweza kuzoeshwa?

Karanga, korosho, samaki, kamba, mayai, maziwa, ngano na simsim ni vyakula vya kawaida katika nyumba nyingi za kaunti yetu. Kwa wengi wetu ni lishe, na kwa baadhi ni riziki. Lakini kuna wakazi ambao kipande kidogo tu cha kimoja kati ya vyakula hivi kinaweza kuwavimbisha midomo, kuwabana kifua na kuwakosesha pumzi ndani ya dakika chache. Hali hiyo huitwa mzio wa chakula. Wengine huiita aleji.

Wengi hudhani kwamba huu ni ugonjwa wa watoto. Sivyo. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2019, ulioshirikisha zaidi ya watu wazima 40,000, ulikadiria kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 10 nchini humo ana mzio wa chakula. Karibu nusu yao walisema kwamba angalau mzio mmoja uliwaanza baada ya kufika utu uzima. Chakula kilichoongoza kwa kuwadhuru watu wazima hakikuwa karanga bali jamii ya kamba, kaa na chaza. Kwa hivyo mtu anaweza kula kamba tangu utotoni bila shida, kisha akiwa na miaka 30 au 40 mwili ukaanza kuwakataa.

Siku hizi baadhi ya wakazi husikia, kupitia simu au jamaa walio ng'ambo, kwamba kuna tiba ya kula kidogo kidogo kile kinachokudhuru mpaka mwili ukizoee. Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, utafiti umeonyesha nini kuhusu watu wazima, ina hatari gani, na inabadilisha vipi maisha ya kila siku. Pia yanaeleza kwa nini haifai kujaribiwa nyumbani, na hatua ambazo mkazi mwenye mzio anaweza kuchukua sasa hivi.

MZIO WA CHAKULA NI NINI?

Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na viini vya maradhi. Kwa mtu mwenye mzio, kinga hiyo huichukulia protini ya chakula fulani kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili ziitwazo IgE, ambazo hujishikiza kwenye chembechembe maalumu zilizo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Mtu akila chakula hicho tena, kingamwili hizo hukitambua na chembechembe hizo humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta mwasho, vipele, uvimbe, kutapika na kubanwa na kifua.

Dalili kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Kiasi kidogo sana kinaweza kutosha kuziamsha, kwa mfano mafuta yaliyokaangia kamba yakitumiwa tena kukaangia viazi.

Mzio ukiwa mkali na kushambulia mwili mzima huitwa anafilaksia. Njia ya hewa inaweza kuvimba na kuziba, presha ikashuka, na mtu akapoteza fahamu. Vifo kutokana na mzio wa chakula ni nadra, lakini hakuna awezaye kutabiri ni shambulio lipi litakuwa kali. Mtu aliyepata vipele tu mara ya kwanza anaweza kupata shambulio zito mara ya pili.

SI KILA KINACHOKUDHURU NI MZIO

Katika uchunguzi huo wa Marekani, karibu watu wazima 19 kati ya 100 waliamini kwamba wana mzio wa chakula. Watafiti walipozipima dalili walizoeleza, ni kama 11 tu kati ya 100 ambao dalili zao zililingana na mzio. Maana yake ni kwamba wapo watu wengi wanaojinyima chakula kizuri, na kuishi kwa hofu, bila sababu ya kutosha. Yapo mambo kadhaa yanayofanana na mzio.

Kwanza ni tumbo kushindwa kusaga sukari iliyo katika maziwa. Mtu hujaa gesi, tumbo humsokota na huharisha. Inasumbua, lakini haitokani na kinga ya mwili na haileti anafilaksia.

Pili ni samaki waliokosa barafu. Samaki kama jodari na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya minofu yao. Anayewala huiva uso, hupata vipele, kichwa humuuma na moyo humwenda mbio, kama mtu mwenye mzio hasa. Kuwapika hakuondoi histamini hiyo. Dalili kubwa ya kutofautisha ni kwamba watu kadhaa waliokula samaki huyo mmoja huugua kwa pamoja. Hao hawana mzio wa samaki. Walikula samaki aliyeharibika.

Tatu ni kipimo kinachosomwa vibaya. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi kinaonyesha kwamba mwili una kingamwili za IgE dhidi ya chakula fulani. Hakionyeshi kwamba chakula hicho kitakudhuru. Protini iliyo ndani ya kamba inafanana na ile ya mende na ya vijidudu vya vumbi la nyumbani, kwa hivyo mtu aliyeathiriwa na mende anaweza kuonekana kana kwamba ana mzio wa kamba. Minyoo nayo huchanganya mambo. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa ugonjwa wa kichocho ulihusiana na kuwepo kwa IgE dhidi ya karanga katika damu, ilhali ngozi za wengi wa watoto hao hazikuonyesha mzio wa karanga. Kwa maeneo yetu ambako kichocho na minyoo bado vipo, hili ni jambo la kukumbuka. Karatasi ya maabara peke yake haitoshi kukuhukumu. Ni lazima ilinganishwe na historia yako.

MZIGO AMBAO HAUONEKANI

Mtu mwenye mzio wa chakula huonekana mzima. Hakohoi wala hachechemei. Ndiyo maana watu walio karibu naye huweza kumwona mwenye madaha au mchoyo wa kushirikiana. Lakini kila mlo kwake ni swali.

Katika arusi chakula hupakuliwa kwenye sinia moja. Katika matanga hupikwa na watu wengi, na hakuna anayejua nani aliweka nini. Kwenye kibanda cha chakula, mwiko mmoja hukoroga masufuria matatu. Mgeni anayekataa chakula cha mwenyeji huonekana amemdharau. Wapo wanaoamua kukaa nyumbani kuliko kujieleza kila mara. Wapo wanaoacha kazi za safari, na wapo wanaoogopa hata kumweleza mchumba.

Wataalamu wa Ulaya walitengeneza hojaji maalumu ya kupima mzigo huu kwa watu wazima. Huuliza mambo manne makubwa: ni kwa kiasi gani mtu anajinyima vyakula na shughuli, anaathirika vipi kihisia, anaogopa kiasi gani kula kitu kwa bahati mbaya, na anaona afya yake iko hatarini kiasi gani. Majibu ya hojaji hii ndiyo hutumika kujua kama tiba imemsaidia mtu kuishi vizuri zaidi. Hilo ni swali tofauti na lile la karanga ngapi mtu anaweza kumeza bila kudhurika.

TIBA YA KUZOESHA MWILI

Tiba hii kwa Kiswahili tunaweza kuiita tiba ya kinga kwa njia ya mdomo. Wazo lake si geni. Mwaka wa 1908 daktari Alfred Schofield aliandika katika jarida la The Lancet la London kuhusu mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akidhurika vibaya na mayai. Alimpa kiasi kidogo mno cha yai kila siku, akakiongeza polepole kwa miezi, hadi mvulana huyo akaweza kula mayai.

Siku hizi tiba hufanywa kwa hatua tatu. Tuchukue mfano wa karanga, ambao ndio umechunguzwa zaidi.

Hatua ya kwanza hufanyika hospitalini kwa siku moja. Mgonjwa hupewa unga wa karanga uliopimwa, kuanzia nusu miligramu ya protini, na huongezewa kidogo kidogo akiwa chini ya uangalizi hadi miligramu chache.

Hatua ya pili huchukua miezi. Mgonjwa hula kipimo chake kila siku nyumbani. Kila baada ya wiki mbili hurudi hospitalini, hupewa kipimo kikubwa zaidi mbele ya wahudumu, husubiri kuangaliwa, kisha huenda kuendelea nacho nyumbani. Katika mpango unaojulikana zaidi, kipimo hupanda hadi miligramu 300 za protini, sawa na takriban punje moja ya karanga.

Hatua ya tatu ni kubaki kwenye kipimo hicho, kila siku, kwa muda mrefu.

Lengo halisi la tiba hii mara nyingi hueleweka vibaya. Kwa wengi haikusudii kumfanya mtu ale karanga kwa viganja. Inakusudia kwamba akila punje moja au mbili kwa bahati mbaya, kwenye mboga iliyoungwa kwa karanga bila yeye kujua, asife wala asikimbizwe hospitalini. Ni ngao dhidi ya ajali.

UTAFITI UMEONYESHA NINI?

Mwaka wa 2018 matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Ulaya yalichapishwa. Miongoni mwa washiriki wa miaka 4 hadi 17 waliopewa tiba, 67 kati ya 100 waliweza kula miligramu 600 za protini ya karanga bila dalili za kutisha. Kati ya waliopewa unga usio na karanga, ni 4 tu kati ya 100. Kwa msingi huo, mnamo Januari 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya unga wa karanga kwa umri huo wa miaka 4 hadi 17.

Kwa nini watu wazima waliachwa nje? Utafiti huo uliwahusisha pia watu wa miaka 18 hadi 55, lakini walikuwa wachache, na tofauti kati ya waliopewa tiba na wasiopewa haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitisha kwamba tiba inawafaa. Mtu mzima anayesoma habari za mafanikio ya tiba hii anapaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ni wa watoto.

Hata hivyo, watu wazima hawajasahaulika. Mwaka wa 2025 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio dogo la watu wazima 21 wa miaka 18 hadi 40 wenye mzio wa karanga. Mwisho wa jaribio, 14 kati yao, yaani theluthi mbili, waliweza kula kiasi kinacholingana na karanga tano bila kudhurika. Washiriki walieleza pia kwamba hofu yao ilipungua na maisha yao yakawa mepesi zaidi. Hii ni habari ya kutia moyo, lakini watu 21 ni wachache, na jaribio halikuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Swali jingine ni kama tiba huponya moja kwa moja. Utafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2019, uliwafuatilia watu 120 wa miaka 7 hadi 55. Baada ya miaka miwili ya tiba, wengi walimudu kiasi kikubwa cha karanga. Kisha baadhi yao wakaambiwa waache kabisa. Baada ya mwaka mmoja, ni 13 tu kati ya 100 waliokuwa bado wanakimudu kiasi hicho. Waliopunguziwa kipimo hadi miligramu 300 kila siku walifanya vizuri zaidi, yaani 37 kati ya 100, lakini hata hao wengi kinga yao ilipungua. Kwa hivyo tiba hii ni kama mazoezi ya mwili. Ukiacha, nguvu hupotea.

HATARI ZAKE

Unakula kile kinachokudhuru, kwa hivyo kudhurika ni sehemu ya tiba. Wengi hupata mwasho wa mdomo na koo, maumivu ya tumbo, kichefuchefu au vipele, hasa wakati kipimo kinapoongezwa. Wachache hupata uvimbe wa kudumu wa umio, yaani njia ya kupitishia chakula, ambao hufanya kumeza kuwe kugumu, na hulazimika kuacha tiba.

Hatari kubwa ni anafilaksia. Mwaka wa 2019 watafiti walikusanya majaribio 12 ya tiba ya karanga yenye washiriki zaidi ya 1,000, wengi wao watoto. Miongoni mwa waliopewa tiba, 22 kati ya 100 walipata anafilaksia katika kipindi cha utafiti. Miongoni mwa waliojiepusha na karanga tu, ni 7 kati ya 100. Kwa maneno mengine, walipopimwa hospitalini waliopewa tiba walimudu karanga zaidi, lakini katika maisha ya nyumbani walishambuliwa mara nyingi zaidi.

Kipimo ambacho mwili umekizoea kinaweza pia kugeuka na kukudhuru siku ambayo mwili umechoka. Mambo yanayojulikana kuongeza hatari ni homa au maambukizi, mazoezi au kazi nzito muda mfupi kabla au baada ya kipimo, pombe, kukosa usingizi, siku za hedhi, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Anayeendesha baiskeli kwenda kazini, mvuvi anayevuta nyavu au mkulima anayelima alfajiri ni lazima apange siku yake upya kukizunguka kipimo hicho.

Kwa watu wazima kuna mengine ya kuzingatia. Mwenye pumu isiyodhibitiwa hafai kuanza. Mjamzito haanzishiwi tiba hii. Mtu anayetumia dawa za presha au moyo za aina ya atenololi anaweza kupata shida zaidi, kwa sababu dawa hizo hufanya iwe vigumu kuutibu mshtuko ukitokea. Mweleze daktari dawa zako zote. Lakini usiache dawa ya presha bila kuambiwa.

JE, MAISHA HUWA BORA?

Mkusanyo huo wa majaribio 12 haukupata tofauti ya wazi ya ubora wa maisha kati ya waliopewa tiba na wasiopewa. Jaribio dogo la watu wazima wa London liliona nafuu. Tofauti hiyo inaeleweka ukiangalia mzani wa pande zote mbili.

Upande mmoja kuna faida: hofu hupungua, mtu huweza kula na wenzake, na ajali ndogo haigeuki kuwa msiba. Upande wa pili kuna gharama: safari za hospitali kila wiki mbili kwa miezi, nauli na siku za kazi zinazopotea, ladha ya chakula ambacho umekichukia maisha yako yote, tumbo kuuma, na wajibu wa kila siku usio na mwisho unaojulikana. Kwa anayeishi karibu na hospitali yenye wataalamu, na ambaye hofu imemfungia ndani, mzani unaweza kuelemea kwenye tiba. Kwa mtu ambaye mzio wake ni wa chakula anachoweza kukiepuka kwa urahisi, kujiepusha kunaweza kuwa uamuzi wa busara zaidi. Hilo ni chaguo halali, na anayelichagua asionekane mwoga.

Ipo pia njia nyingine. Mnamo Februari 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya omalizumabu kwa watu wenye mzio wa chakula, watoto kuanzia mwaka mmoja na watu wazima pia. Hudungwa kila wiki mbili au nne, na huzikamata kingamwili za IgE kabla hazijaleta madhara. Faida yake ni kwamba hufanya kazi kwa vyakula zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Lakini nayo hailengi kumruhusu mtu kula ovyo, haitumiki kutibu shambulio likishaanza, na ni ghali.

USIJARIBU NYUMBANI

Huu ndio ujumbe mkuu wa makala haya. Tiba hii inahitaji unga uliopimwa kwa miligramu, daktari aliyefunzwa, na chumba chenye adrenalini na oksijeni. Kijiko cha jikoni hakiwezi kupima nusu miligramu. Punje moja ya karanga ni mamia ya mara zaidi ya kipimo cha kuanzia. Anayejizoesha kwa kulamba siagi ya karanga au kuonja mchuzi wa kamba anacheza na uhai wake, hata kama mara mbili za kwanza hakuna kilichotokea.

Vilevile, usikubali mtu akuuzie dawa ya asili au unga wa kuondoa mzio. Na usimjaribu mwenzako kwa siri ili uone kama ni kweli anadhurika.

UNACHOWEZA KUFANYA SASA

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa mzio inaweza kupunguzwa bila tiba hiyo.

Pata uchunguzi. Fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe na ueleze: ulikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani, zilichukua muda gani, na nani mwingine aliugua. Andika mambo haya kabla ya kwenda. Afisa wa kliniki anaweza kukuandikia rufaa kwa vipimo ambavyo havifanywi katika kila kituo. Kwa baadhi ya watu, uchunguzi huo utaonyesha kwamba hawana mzio kabisa, na hiyo ndiyo nafuu ya haraka kuliko zote.

Jua chakula kinapojificha. Unga wa uji wa mchanganyiko mara nyingi huwa na karanga, soya, simsim au omena iliyosagwa. Mboga za majani huungwa kwa karanga. Biriani na halua huweza kuwa na korosho au lozi. Mikate, maandazi na keki huwa na ngano, na mara nyingi maziwa au mayai. Chakula tiba kinachotolewa kwa walio na utapiamlo mkali hutengenezwa kwa karanga, kwa hivyo mweleze mhudumu ikiwa mgonjwa ana mzio huo.

Soma lebo. Kiwango cha vyakula vilivyopakiwa kinachotumika Kenya na Afrika Mashariki kinahitaji orodha ya viambato ionyeshwe kwenye pakiti, pamoja na vile vinavyojulikana kuleta mzio. Bidhaa isiyo na lebo, mwenye mzio aiache.

Uliza bila aibu. Maneno ya heshima yanatosha: "Shangazi, nashukuru kwa chakula. Mwili wangu haupatani na karanga, nikila hata kidogo nakosa pumzi. Mboga hii imeungwa na nini?" Mwenyeji mwema atafurahi kuulizwa kuliko kumkimbiza mgeni wake hospitalini usiku.

Weka mpango wa dharura. Muulize daktari kama unahitaji kuwa na adrenalini, na ufundishwe jinsi ya kuitumia. Vifaa vya kujidunga mwenyewe ni ghali na havipatikani kwa urahisi, kwa hivyo jua mapema ni kituo kipi kilicho karibu nawe chenye adrenalini usiku na mchana. Waeleze watu wa nyumbani na mwenzako wa kazini.

Wenye hoteli, vibanda na wapishi wa shughuli nao wana wajibu. Mteja akiuliza, mjibu ukweli. Ukiwa hujui, sema hujui. Tumia mwiko, kisu na mafuta tofauti kwa vyakula vyenye karanga na kwa samaki na kamba.

SHAMBULIO LIKITOKEA

Shuku anafilaksia ikiwa, muda mfupi baada ya kula, mtu anapata mojawapo ya haya: ulimi au koo kuvimba, sauti kukauka, kupumua kwa shida au kwa mluzi, kizunguzungu, kuzirai, au vipele vikiambatana na kutapika mfululizo. Fanya hivi:

1. Mlaze chali na umwinue miguu. Akipumua kwa shida, mwache aketi akiwa amenyoosha miguu. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Asisimame wala kutembea.

2. Ikiwa ameandikiwa adrenalini, mdunge mara moja kwenye misuli ya paja, upande wa nje, katikati. Asipopata nafuu baada ya dakika 5 na kuna sindano nyingine, mdunge tena.

3. Piga simu 999 au 112, au nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Tafuta gari ambamo anaweza kulala. Mtu ambaye presha yake imeshuka anaweza kufa akisimamishwa ghafla, kwa hivyo kumpakia wima kwenye bodaboda kuwe njia ya mwisho kabisa.

4. Usipoteze muda kumpa maziwa, maji ya chumvi au kumtapisha. Tembe za mzio hupunguza mwasho lakini hazifungui njia ya hewa wala kuinua presha. Haziwezi kuchukua nafasi ya adrenalini.

5. Hata akipata nafuu, afike hospitalini na akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa shambulio linaweza kurudi.

Tiba ya kuzoesha mwili inaendelea kuchunguzwa, na huenda miaka ijayo ikawafaa watu wazima wengi zaidi. Kwa sasa, mkazi mwenye mzio anashauriwa kuthibitisha mzio wake, kujua chakula chake, kuwa na mpango wa dharura, na kumwuliza daktari kabla ya kujaribu jambo lolote alilolisikia. Kwa maelezo zaidi, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.